SOMO: Kubadili kipande kilichopasuka kwenye dirisha la vioo vya rangi

Wakuu, mtu akiona kipande kimoja kimepasuka anawaza kufumua dirisha zima. Hakuna haja, kama risasi inayoshika vioo (ile mikanda ya metali laini yenye mfereji) bado nzima unatoa hicho hicho kibovu tu.

1. Laza dirisha mezani. Miwani na glavu lazima.

2. Kwa kisu butu inua mdomo wa risasi (ukingo unaokumbatia kioo) taratibu kuzunguka kipande, upande mmoja tu. Kwenye kona zenye lehemu haukunjiki, chana kidogo. Toa kioo vipande vipande ukianzia katikati, halafu kwangua puti yote ya zamani mferejini, ikibaki hata punje kioo kipya hakikai.

3. Chora umbo kwenye karatasi, ukate kioo, na hapa ndo vioo vinaisha. Chovya kikatio kwenye mafuta ya taa, chora mstari mara MOJA toka ukingo hadi ukingo, unatakiwa usikie mlio mwembamba usiokatika. Usirudie juu ya mstari hata kama unauona hafifu, ukirudia kioo kinapasuka kinakotaka chenyewe na kikatio kinakufa. Vunja hapo hapo, usiache mpaka kesho.

4. Ingiza kioo, rudisha midomo, paka flaksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike) kwenye kona ulizochana, lehemu. Lehemu ya 60/40 (bati 60, risasi 40) inayeyuka kwenye nyuzi 190 hivi za Selsiasi, risasi 327, na pasi ya kulehemu inafika huko bila shida, kwa hiyo gusa na uondoke, ukizubaa umetoboa.

5. Sukumia puti ya unga wa chaki na mafuta ya kitani chini ya midomo, iache siku kadhaa. Hiyo ndo inazuia maji na kioo kuchezacheza.

Vumbi la risasi ni sumu, kwa watoto ndo balaa kabisa. Usipige msasa mkavu, futa kwa kitambaa kibichi, nawa kabla ya kula.

MASWALI

– Mkuu, silikoni badala ya puti?
Itashika, ila siku ukitaka kukitoa tena utajuta.

– Langu halina mifereji, lina mistari myembamba tu ya lehemu.
Hilo ni la utepe wa shaba, halina mdomo wa kuinua. Yeyusha lehemu kuzunguka kipande, toa na utepe wake, kipya ukivishe utepe mpya.

– Dirisha limetoa tumbo katikati, nilibonyeze?
Usibonyeze, vioo vitapasuka. Hapo risasi imechoka, sasa ndo linafumuliwa lote.

– Kilichopasuka kimechorwa uso wa mtu?
Usikitupe aisee! Ile rangi ilichomwa kwenye tanuri, huipati tena kwa brashi. Unga ufa kwa gundi ya epoksi.