Kabla Watoto Hawajafunga Shule: Maji ya Bwawa la Nyumbani

Mijakaranda ya Nairobi ikianza kumwaga maua Oktoba, huwa najua nimebakiwa na wiki chache tu. Mvua za vuli ziko njiani, shule zinakaribia kufungwa, na ile simu ya kila mwaka itaingia: "Fundi, binamu zao wanakuja kesho, na maji yamekuwa kijani." Jioni moja haitoshi. Maji yaliyogeuka kijani huchukua siku kadhaa kurudi hali yake, na dawa ikimwagwa kwa pupa wanaoumia ni watoto, macho mekundu na ngozi inawasha. Haya ndiyo ningependa mwenye bwawa ayaangalie mapema, nyumba ikiwa bado imetulia.

Jua kwanza maji yako yametoka wapi. Katika mji huu swali hilo lina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye ndoo ya dawa. Maji ya mfereji mengi hutoka Ndakaini, na mengine Sasumua na Ruiru. Ni maji laini, chokaa yake kidogo, na maji yenye njaa ya chokaa huitafuta yenyewe: huila saruji iliyo kati ya vigae. Pitisha kidole kwenye kiungo cha vigae chini ya ukingo wa maji. Ukihisi chembechembe za mchanga zinabaki kidoleni, bwawa lako linaliwa. Maji ya visima virefu nayo mara nyingi yana chokaa kidogo vilevile, ila yamejaa bikaboneti, na hiyo huipandisha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, tena na tena hata kama uliishusha juzi. Kwa hiyo mwenye kisima hununua asidi ya kuishusha, na jirani yake wa mfereji huenda akahitaji magadi ya kuipandisha. Wakiazimana ushauri juu ya ua, wote wawili wataharibu. Siku za mgao, ukiletewa maji kwa boza, chukulia kwamba huyajui mpaka uyapime.

Jua pia lita zako. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, lina mita 48 za ujazo, yaani lita 48,000. Kuongeza klorini kwa miligramu 1 kwa kila lita humo kunahitaji gramu 48 za klorini yenyewe. Unga wenye nguvu ya asilimia 65 utaupima gramu 74 hivi. Nimewaona watu wakipima kwa kopo, na kopo likipotea wanatafuta jingine lolote. Nunua mizani ndogo, itenge kwa kazi hii tu, isirudi jikoni tena.

Kupima maji ndiko ninakosisitiza kuliko yote. Chota kwa kuzamisha mkono hadi kiwiko, mbali na matundu yanayorudisha maji kutoka kwenye chujio, kwa sababu maji ya juu juu na yale yanayotoka bombani hayakuelezi hali ya bwawa zima. Nyumba moja Lavington, aliyekuwa akilitunza bwawa kabla yangu alikuwa ametia klorini siku nne mfululizo, kwa kuwa kila akipima, maji kwenye kichupa yalibaki meupe. Nilidondosha kidonge cha kupimia, kile kinachogeuza maji kuwa waridi penye klorini, nikatazama kwa makini. Rangi ya waridi iliwaka mara moja, kisha ikapotea. Klorini haikuwa imepungua, ilikuwa imezidi mpaka inaunguza rangi ya kipimo. Nikachanganya sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu tisa za maji ya chupa, nikapima tena, nikazidisha jibu kwa 10. Zilikuwa miligramu 15 kwa lita, na jioni ileile watoto wangeingia.

Viwango vyenyewe si vigumu kukumbuka. Ukiacha pH, vyote ni miligramu kwa lita. Ualkali uwe kati ya 80 na 120. pH iwe 7.2 hadi 7.6, isipite 7.8. Klorini huru, yaani ile ambayo bado haijashikana na uchafu, mimi huipenda kati ya 2 na 3. Rekebisha kwa mpangilio huo huo: ualkali kwanza, kwa sababu ndio unaoishikilia pH isiyumbe, kisha pH, na klorini mwisho. Ualkali ukiwa chini, utaupandisha kwa bikaboneti ya soda. pH ikiwa chini, magadi yaliyosafishwa, jamii ileile inayochimbwa Ziwa Magadi, huipandisha haraka. Usiruke hatua ya pH. Ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini yako inafanya kazi ya kuua vijidudu. Ikifika 8 ni kama robo tu, na utakuwa unatia dawa, unalipia dawa, na maji bado yanakuwa kijani.

Klorini itie jioni. Jua letu ni kali, tuko karibu na ikweta na juu ya mita 1,600, na klorini isiyokuwa na kinga huweza kupoteza nusu yake ndani ya saa moja ya mchana. Kinga hiyo ni asidi ya sianuriki, mafundi huiita stabilaiza, na miligramu 30 hadi 50 kwa lita inatosha. Vile vidonge vikubwa vinavyoyeyuka polepole huwa nayo ndani tayari, kwa hiyo kila mwezi inaongezeka kimyakimya. Ikipita 100, klorini huwa kama imefungwa mikono, na suluhisho la uhakika ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mengine. Katika mji wa mgao wa maji, jambo hilo ni afadhali ulijue Oktoba kuliko Desemba 23.

Harufu kali inayochoma pua si dalili ya dawa nyingi. Ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Waogaji wapite kwenye bafu kwanza, wote, hata wageni.

Chujio la mchanga: andika geji ya presha inasoma ngapi likiwa safi. Ikipanda kwa psi 8 hadi 10, geuza vali usafishe. Vikapu vya skima, ile midomo ya ukutani inayonasa majani, kipindi cha jakaranda vitolewe uchafu kila siku. Pampu izunguke saa nane hivi kwa siku, na stima ikipotea kumbuka kwamba saa ya pampu nayo ilisimama. Baada ya mvua kubwa, hasa kule Runda na Kitisuru ambako udongo mwekundu huteremka na maji, pima upya kabla ya mtu kuingia.

Sasa stoo. Unga wa klorini na vile vidonge huuzwa kwenye ndoo zinazofanana, lakini ni dawa mbili tofauti. Zikikutana zinaweza kuwaka moto au kulipuka. Hata kijiko kisitumike kwa zote mbili. Asidi ikigusa klorini hutoa hewa yenye sumu. Dawa ndiyo inayotiwa kwenye maji. Kamwe usimimine maji kwenye dawa. Weka kila kitu pakavu, mbali na mafuta ya gari, na ufunge kwa kufuli.

Waambie wazazi wa wageni mapema, bila kuona haya: mtoto anayehara asiingie. Kuna kimelea kiitwacho Cryptosporidium ambacho huishi siku kadhaa kwenye maji yenye klorini ya kawaida, na mtoto akimeza funda moja tu anaweza kuugua.

Asubuhi wageni wanapofika, simama ukingoni mwa kina kirefu, maji yametulia. Tazama kifuniko cha tundu la kutolea maji pale chini. Kama huzioni skrubu zake vizuri, lango libaki limefungwa, na watoto uwaambie wasubiri.