Kufufua giaboksi ya Hilux ya zamani ukiwa nyumbani

Pikapu nyingi zinazoletwa uani kwangu hapa Mtwara na giaboksi iliyochoka zimefanya kazi Newala na Tandahimba. Msimu wa korosho zinateremka kutoka Newala kuelekea Masasi zimejaa magunia, na dereva anayehurumia breki zake hupunguza gia kila mara hadi ya tatu na ya pili ili kulishikilia gari. Ringi za sinkronaiza za gia hizo mbili, zile za shaba zinazolinganisha mwendo kabla gia haijaingia, ndizo huisha kwanza. Kisha mwenye gari anaambiwa aagize giaboksi nzima ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Ushauri huo naupinga kwa moyo wote. Hiyo ya mtumba nayo imetembea miaka usiyoijua, na ringi zake huenda zimekwisha kuliko zako. Gia zenyewe, yale meno makubwa, mara nyingi bado nzima. Kilichokwisha ni vitu vidogo, na vinabadilishika.

Naeleza Hilux ya miaka ya 1990, gia tano, inayosukuma kwa magurudumu ya nyuma tu.

Hatua ya 1: Isikilize

Washa injini, gari limesimama, gia iwe fri. Kama kuna mlio unaokatika ukikanyaga klachi, shuku beringi ya shafti ya mbele au za kaunta shafti, ile ya pembeni inayopokea nguvu kutoka ya mbele na kuzungusha gia. Mlio ukija pale tu unapokanyaga, hiyo ni rilizi beringi, ile inayosukuma klachi, na giaboksi haina kosa. Sasa tembea. Kelele ikipungua sana kwenye gia ya nne, itazame kaunta shafti, kwa sababu kwenye gia ya nne nguvu hupita moja kwa moja kutoka shafti ya mbele kwenda ya nyuma bila kubebwa na kaunta. Gia moja inayokwaruza wakati wa kuingia ni sinkronaiza. Inayoruka yenyewe ni foki (uma unaosukuma gia iingie), springi ya kufungia, au meno madogo ya kushikia gia yaliyopoteza ncha.

Zikikwaruza zote pamoja na rivasi, kagua klachi kwanza. Nimeona giaboksi ikishushwa bure kwa ajili ya silinda ndogo ya klachi iliyokuwa ikivuja.

Hatua ya 2: Ishushe

Toa waya wa hasi wa betri. Pandisha gari kwenye stendi madhubuti. Jeki peke yake isiaminiwe hata kwa dakika moja. Legeza nati ya kujazia oili kabla ya ile ya kumwagia. Ukishamwaga kisha nati ya juu ikagoma, huna pa kutilia oili. Weka alama kwenye flenji ya propela shafti, ifungue, toa mkono wa gia, waya wa spidi, silinda ya klachi na starta. Giaboksi hii inazidi kilo 30, kwa hiyo mwite mwenzako aishike upande wa pili.

Hatua ya 3: Ifungue

Ioshe nje kwa dizeli kabla hujagusa boliti yoyote. Upepo wa kusi ukivuma hapa kwetu mchanga unaingia kila mahali, basi fanya kazi ndani au nyuma ya ukuta. Na usiache chuma kitupu kilale usiku kucha bila kupakwa oili. Karibu na bahari, asubuhi utakikuta na kutu.

Toa kifuniko cha beringi ya mbele, saklipu mbili (ringi za chuma zinazozuia beringi) zilizo chini yake, na gamba la nyuma. Gamba kuu litaachana na bamba la kati kwa kugongwa taratibu na nyundo ya plastiki. Bamba hilo ndilo linaloshika shafti zote. Usilibane lenyewe kwenye jiliwa, litaharibika uso. Pitisha boliti mbili ndefu kwenye matundu yake ya chini, zikaze na nati, kisha bana hizo boliti.

Springi na gololi za kufungia zitoe kwa sumaku, moja moja, na kila moja iwe na chombo chake. Kati ya shafti za foki kuna pini ndogo zinazozuia gia mbili zisiingie pamoja; zinadondoka kimyakimya, na ukikosa moja giaboksi itakuja kujifunga barabarani. Piga picha kwa simu kila unapotoa kitu. Nati kubwa ya gia ya tano ikigoma, ingiza gia mbili kwa wakati mmoja ili shafti zisizunguke.

Hatua ya 4: Pima

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo mafundi wengi wanakimbia. Iweke ringi ya shaba kwenye koni ya gia yake, ibonyeze, izungushe kwa mkono. Ringi nzima inashika. Iliyokwisha inateleza. Kisha, ukiwa bado umeibonyeza, ingiza fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kati yake na meno madogo ya gia. Ringi mpya huacha milimita 1 hadi 2. Ikishuka chini ya 0.8 mimi siirudishi. Tazama na mifereji yake ya ndani, lazima iwe na kingo kali.

Foki na mfereji wa slivu, ile bangili inayosukumwa na foki, visiachane zaidi ya milimita 1. Meno madogo yawe na ncha kama penseli. Yakiwa mviringo, gia hiyo itaruka hata ukiiwekea ringi mpya.

Hatua ya 5: Beringi kwa namba

Beringi imeandikwa namba, na namba hiyo ndiyo unayonunulia, si jina la gari. Chukua 6306: zidisha 06 kwa 5 upate tundu la milimita 30. Nyingi za namba hizi utazikuta kwenye maduka ya spea za mashine za kusaga, huna haja ya kusubiri basi la Dar. Angalia tu herufi: NR maana yake ina mfereji wenye ringi ya nje, na ukichukua isiyo nayo haitakaa. Niliwahi kuuziwa beringi ya zamani iliyosafishwa na kutiwa boksi jipya. Tangu hapo nazungusha kila beringi sikioni kabla ya kulipa.

Hatua ya 6: Irudishe

Beringi ya kwenda kwenye shafti isukumwe kwa ringi ya ndani pekee. Niliwahi kugonga ya nje, na ilianza kulia kabla gari halijafika Mnazi Mmoja. Kuipasha kwenye oili ya moto wa nyuzi 100 hivi kunaifanya iingie bila nguvu. Paka oili kila ringi ya sinkronaiza, badilisha oili sili zote (mipira ya kuzuia oili isivuje), hakikisha tundu la kupumulia liko wazi. Kabla ya kufunga gamba, ingiza kila gia kwa mkono na uzungushe shafti.

Jaza oili ya giaboksi ya 75W-90, daraja la GL-4, hadi ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa sawa. GL-5 iachie difu ya ekseli ya nyuma, maana salfa yake nyingi inaweza kuila shaba ya ringi.

Nenda Mikindani na kurudi bila mzigo, ukague uvujaji. Baada ya kilomita 500 mwaga oili hiyo kwenye beseni safi. Vumbi laini la njano ni ringi mpya zinazozoea koni. Ukikuta vipande vinavyoshika sumaku, fungua tena kabla hujabeba gunia lolote.