Kupiga taksimu na kuazima mahadhi bila kumdhulumu mtunzi

Taarab ya Mombasa imekua kwa kuazima: mahadhi ya filamu za Kihindi, udi wa Kiarabu, mdundo wa chakacha. Kuazima hakuna aibu. Aibu ni kuficha ulikoazima.

Anza na shairi. Beti nyingi za nyimbo zina mishororo mitatu, kila mmoja mizani 16, nane kwa nane. Mahadhi yakipungukiwa na nafasi, rekebisha mahadhi, usikate neno la mtunzi. Chukua mshororo huu: "Moyo wangu hautaki, kukuona ukilia." Ukimeza "ha" ili uwahi mdundo, linabaki "utaki", neno lisiloeleweka, na lawama itamwangukia mtunzi.

Taksimu, yaani upigaji wa ala moja peke yake unaobuniwa papo hapo, ikiwa ya kufungulia wimbo isizidi dakika mbili. Katika Hijaz ya D (Hijaz ni makamu, yaani ngazi ya sauti ya Kiarabu; D ndiyo sauti yake ya kwanza), kaa kwanza kwenye D, Eb, F# na G mpaka sikio la msikilizaji litulie. Ndipo upande A, ufike D ya juu mara moja tu, kisha ushuke pole pole. Wengi huharibu kwa kukimbilia juu mapema, wakakosa pa kwenda. Shukia sauti atakayoanzia mwimbaji, la sivyo ataingia akibabaika. Bayati ya D, makamu nyingine, ina taabu yake: sauti ya pili iko kati ya Eb na E, na kinanda kisichoweza kurekebishwa kitagombana na fidla. Kinyamazishe hapo, fidla na udi vitatosha.

Kasida ya maulidi usiitie mdundo wa kuchezea, hata ukumbi ukiomba. Kwa wimbo wa fumbo, unaomsema mtu bila kumtaja, msomee maneno yake mtu asiyejua ugomvi uliouzaa: akimtaja mlengwa kwa jina, futa mtaa, kazi au nguo iliyomfichua. Fumbo lililobaki litakuwa tamu zaidi.

Kwa sheria ya Kenya, haki za mtunzi zinadumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kubadili maneno hakufanyi mahadhi kuwa yako. Tafuta ruhusa kabla ya kurekodi. Na mpiga fidla akibuni mazoezini kipande kinachorudiwa kila baada ya ubeti, huyo ametunga. Rekodini kwa simu siku hiyo hiyo, andikeni jina lake na fungu lake, mtie saini kabla pesa hazijaingia.