Kuendesha darasa la kinga ya VVU kwa wanawake wahamiaji wa Kilatino nchini Marekani

Mwanamke aliyetoka Honduras au Mexico akahamia Miami, Chicago au Houston kondomu anaijua. Kinachomshinda ni kuitaja nyumbani, maana jibu la mume linajulikana: unanishuku, au wewe ndiye una mwingine? Na wengi wa Walatino wa kike wenye VVU nchini Marekani waliambukizwa kwa kujamiiana na mwanamume, mara nyingi mtu wao wa kila siku. Kwa hiyo darasa lijengwe juu ya swali la huyo mume. Somo la virusi vyenyewe linatosha kwa nusu saa.

Kiolezo kizuri ni SEPA, mpango wa mafunzo ya kinga ya VVU kwa wanawake wa Kilatino, wa mtafiti Nilda Peragallo na wenzake. Ulipopimwa Florida Kusini kwa wanawake 548, ulikuwa na vipindi 5 tu, na ukatili wa nyumbani ulikuwa miongoni mwa mada. Waliosoma walitumia kondomu zaidi kuliko wenzao ambao hawajasoma. Panga saa mbili kwa kipindi, wanawake wanane hadi kumi, mara moja kwa wiki. Weka nauli, chakula na mtu wa kukaa na watoto. Ukikosa huyo wa watoto, kipindi cha pili utabaki na nusu ya kundi.

Tangazo liandikwe "afya ya mwanamke na familia", kwa kuwa mume naye atalisoma. Ila wakishaketi, waambie wazi mada ni nini. Anayefundisha awe promotora, mhudumu wa afya wa mtaa uleule, na kipindi cha kwanza aanze na kahawa na habari za watoto. Bila hiyo confianza, yaani kuaminiana, hakuna atakayefungua mdomo.

Kihispania chenyewe kina mitego. Kwa Mkuba, coger la guagua ni kupanda basi. Kwa Mmexico, coger ni neno chafu la kujamiiana. Kijitabu kisomwe kwanza na wanawake wawili watatu wa kila nchi iliyomo kundini. Tena wapo Wamaya wa Guatemala ambao nyumbani husema Kimam au Kikiche. Hao watafutie mkalimani, asiwe mtoto wala wifi.

Kondomu ishikwe kwa mkono, si kuonyeshwa pichani. Kila mmoja aivishe mwenyewe kwenye kielelezo cha uume: aangalie tarehe, achane pakiti kwa vidole na si kwa meno, abane ncha kutoa hewa, akunjue hadi shinani. Akiiweka upande usio sahihi ikakataa kukunjuka, aitupe, asiigeuze, kwani ncha imeshagusa majimaji. Mafuta ya watoto na losheni huharibu mpira wa leteksi. Kilainishi kiwe cha maji. Na joto la gari huidhoofisha, hasa kiangazi cha Texas.

Halafu igizeni mazungumzo, wawili wawili, mmoja akiwa mume. Kisingizio cha "daktari kanikataza mimba" hupendwa sana, lakini huvunjika siku mume akitaka mtoto. Hudumu zaidi neno linaloshika familia: "Tupime sote wawili, hawa watoto wanatutegemea." Mwenye mume anayepiga asisukumwe kuzungumza kabisa. Huyo mpe njia isiyohitaji ruhusa ya mtu.

Njia hiyo ni PrEP, dawa anayotumia asiye na VVU ili asiambukizwe. Kidonge humezwa kila siku, na ukeni kinga kamili huja baada ya siku 21 hivi. Ule mtindo wa kumeza kabla na baada ya tendo tu haumfai. Ipo sindano ya cabotegravir kila miezi miwili, na tangu 2025 ya lenacapavir kila miezi sita. Sindano haiachi kichupa kabatini. Lazima apimwe VVU kwanza, kwani akianza hali ameshaambukizwa, virusi vinaweza kuwa sugu kwa dawa. Aliyekwishajiweka hatarini aende kuomba PEP, dawa za dharura za kuzuia maambukizi, ndani ya saa 72, upesi iwezekanavyo, ameze siku 28.

Hofu ya uhamiaji itajitokeza, hata isiposemwa. Waambie kwamba tangu 4 Januari 2010 VVU si kizuizi cha kuingia Marekani, na kwamba vituo vya afya vya jamii hutoza kulingana na kipato. Mwenye bima ya mume aulize mapema taarifa za malipo zinatumwa wapi. Barua moja nyumbani imewahi kufichua mengi.

Kundi la WhatsApp likianzishwa, lipewe jina la mapishi, na ujumbe wa kliniki usipite humo. Simu nyingi za nyumbani hushikwa na watu wawili.