Kuitembelea Miji ya Kale ya Korea Kusini: Mwongozo kwa Wana Afrika Mashariki Waishio Huko

Wengi wetu tunaoishi Korea Kusini kwa masomo au kazi hatukai Seoul. Tumetawanyika Daejeon, Daegu, Gyeongsan, Gwangju, Jeonju na Busan, lakini likizo ikifika tunapanda treni kwenda Seoul, kana kwamba historia yote ya nchi hii imefungiwa ndani ya kuta za majumba yake ya kifalme. Seoul ilianza kuwa makao ya wafalme wa Joseon mwaka 1394. Kabla ya hapo, Gyeongju ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Silla kwa karibu miaka elfu moja, hadi ufalme huo ulipoanguka mwaka 935, na mji huo uko umbali wa saa moja hivi kwa basi kutoka Daegu au Busan. Ushauri wangu kwa anayepanga safari ni achague mji mmoja, alale huko angalau usiku mmoja na atembee kwa miguu, badala ya kuzunguka miji mitatu kwa siku mbili na kurudi na picha ambazo hawezi kuzieleza.

Kwa anayeanza, ningemwelekeza Gyeongju bila kusita. Treni ya mwendokasi ya KTX kutoka Seoul huchukua kama saa mbili, ila kituo chake kiko nje kabisa ya mji na itakubidi upande basi la mjini kufika katikati. Anayetoka Daegu au Busan ni heri achukue basi la mkoani, kwa kuwa stendi iko karibu na makaburi ya wafalme na unaweza kushuka na kwenda kwa miguu. Makaburi hayo ni vilima vya mviringo vilivyoota majani, vingine vikubwa kuliko nyumba za ghorofa zilizo jirani, na yamesimama katikati ya mitaa yenye maduka, migahawa na shule. Eneo la Daereungwon ndilo lenye makaburi mengi yaliyo pamoja, na ndani yake kuna Cheonmachong, kaburi lililofukuliwa mwaka 1973 ambalo mgeni anaruhusiwa kuingia ndani kwa tiketi ya bei nafuu.

Usipite humo mbio. Ukiingia utaona kaburi limekatwa nusu ili ujenzi wake uonekane: chumba cha mbao chini kabisa, juu yake lundo kubwa la mawe ya mtoni, kisha tabaka la udongo wa mfinyanzi, halafu udongo wa kawaida na majani. Mbao zilipooza, mawe yaliporomoka na kukijaza chumba, na kuanzia hapo kila mwizi aliyejaribu kuchimba alikutana na mawe yanayomporomokea. Hiyo ndiyo sababu dhahabu ya Silla ilibaki ardhini hadi wataalamu wa mambo ya kale walipofika. Taji la dhahabu lililotoka humo, lenye matawi mfano wa mti na vipande vya jiwe la kijani vilivyopinda kama ukucha, ni miongoni mwa vitu vinavyowavuta wageni Gyeongju.

Jumba la Makumbusho la Taifa la Gyeongju halitozi kiingilio kwa maonesho yake ya kudumu, na linastahili nusu siku. Uani imetundikwa kengele ya Mfalme Seongdeok, iliyokamilika mwaka 771 na yenye uzito wa takriban tani 18.9. Kwa kawaida haigongwi, ila sauti yake iliyorekodiwa hupigwa mara kwa mara, kwa hiyo subiri uisikie. Ndani, tafuta vyombo vya kioo. Baadhi ya vioo vilivyozikwa na wafalme wa Silla vilitengenezwa mbali sana upande wa magharibi, katika nchi za Bahari ya Kati na Asia Magharibi. Mwanajiografia wa Kiislamu wa karne ya 9, Ibn Khurdadhbih, aliitaja nchi ya Silla iliyo ng'ambo ya China, na akaandika kwamba Waislamu waliofika huko walipendezwa nayo wakaamua kukaa. Mswahili aliyekulia katika simulizi za majahazi na pepo za kusi na kaskazi hawezi kuyasoma hayo kama habari za watu baki. Mwenye nafasi aende pia Gwaereung, kusini-mashariki ya mji, kwenye kaburi linalohusishwa na Mfalme Wonseong. Walinzi wa mawe waliosimama hapo wana ndevu zilizojikunja, macho yaliyozama na pua kubwa, na wataalamu wengine husema ni sura za watu wa Asia ya Kati au Uajemi. Watalii ni wachache huko, na mgeni anaweza kuwakagua walinzi hao kwa karibu apendavyo.

Hekalu la Bulguksa na pango la Seokguram, yaliyoandikwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1995, yanahitaji asubuhi nzima. Yote mawili yalianza kujengwa mwaka 751 na waziri aliyeitwa Kim Daeseong. Bulguksa iliteketezwa mwaka 1593 wakati wa uvamizi wa Wajapani, kwa hiyo mbao unazoziona ni za baadaye, lakini ngazi za mawe na minara miwili ya uani ni ya enzi za Silla. Mnara wenye nakshi nyingi, Dabotap, ndio uliochorwa kwenye sarafu ya won 10. Tangu Mei 2023 kiingilio kilichokuwa kikitozwa kimeondolewa. Kutoka hapo kuna basi la kupanda mlimani hadi Seokguram, na kuna njia ya miguu pia kwa wenye pumzi. Sanamu ya Buddha iliyomo pangoni imekingwa kwa kioo na kupiga picha ni marufuku, jambo ambalo binafsi naliona ni jema, kwa kuwa watu hulazimika kuangalia. Jioni rudi mjini kwenye bwawa la Wolji, lililochimbwa mwaka 674, ambako taa huwashwa giza likiingia. Mwishoni mwa juma foleni ya tiketi huwa ndefu, basi fika kabla jua halijatua.

Jeonju ni mji wa namna nyingine, na niseme wazi kwamba mtaa wake maarufu wa nyumba za jadi, zinazoitwa hanok, unachosha Jumamosi mchana. Vichochoro hufurika vijana waliokodi mavazi ya jadi na wauza vitafunwa vya mishikaki, na historia huzibwa na kelele. Lala huko, uamke mapema, na kabla ya maduka kufunguliwa mtaa utakuwa wako. Anzia Gyeonggijeon, jengo lililojengwa kwanza mwaka 1410 na kujengwa upya mwaka 1614, linalohifadhi picha ya Taejo, mwanzilishi wa utawala wa Joseon, ambaye ukoo wake ulitoka Jeonju. Ndani ya ua huo ilikuwamo hazina ya kumbukumbu za wafalme. Nakala nne za kumbukumbu hizo ziliwekwa katika miji minne tofauti, na vita na Wajapani vilipozuka mwaka 1592 tatu ziliteketea. Ya Jeonju pekee ilinusurika, kwa kuwa wasomi wa eneo hilo waliibeba na kuificha katika mlima wa Naejang.

Mkabala na hapo lipo kanisa katoliki la Jeondong, lililokamilika mwaka 1914. Lilijengwa karibu na mahali alipouawa Yun Ji-chung mwaka 1791, pamoja na binamu yake, Kwon Sang-yeon, kwa sababu alikataa kufanya matambiko ya mababu mama yake alipofariki. Papa Fransisko aliwatangaza kuwa wenyeheri mwaka 2014. Msomaji aliyewahi kuhiji Namugongo, Uganda, hatahitaji maelezo marefu kuhusu uzito wa mahali hapo. Vaa kwa heshima, na usipige picha misa ikiendelea.

Andong unamfaa mwenye subira. Kijiji cha Hahoe, kilichoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2010 pamoja na kijiji cha Yangdong cha Gyeongju, kimezungukwa na mto Nakdong pande karibu zote, na ukoo wa Ryu ungali unaishi humo katika nyumba za wazee wao. Kwa sababu watu wanaishi humo kweli, mlango uliofungwa usiusukume, na ua uliofunguliwa usiuingie bila kuuliza. Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alitembelea hapa mwaka 1999. Katikati ya kijiji kuna mti mkubwa wa miaka zaidi ya 600, umezungushiwa kamba ambazo wageni hufunga vipande vya karatasi walivyoandika maombi yao. Ngoma ya vinyago ya hapa huwacheka matajiri na watawa bila haya, na mtu hahitaji Kikorea kufahamu nani anasutwa. Huchezwa siku maalumu, hivyo angalia ratiba kabla ya kuondoka nyumbani. Mabasi ya kwenda kijijini ni machache. Ukishuka, jambo la kwanza ni kupiga picha ratiba ya kurudi iliyobandikwa kituoni.

Chakula maarufu cha Andong ni samaki aina ya makreli aliyetiwa chumvi, desturi iliyoanza kwa sababu mji uko mbali na bahari na samaki alipaswa kuwekwa chumvi njiani ili asiharibike, sawa na ng'onda wetu. Kwa Mwislamu huyu ni mkombozi, kwani migahawa ya halali ni adimu nje ya miji mikubwa na nyama ya nguruwe huingia hata kwenye supu usiyoishuku. Jifunze kusema kwamba huli nguruwe, ama beba maneno hayo yameandikwa kwa Kikorea kwenye simu, umwoneshe mpishi kabla hajawasha jiko. Bibimbap ya Jeonju, yaani wali unaochanganywa na mboga, inaweza kuandaliwa bila nyama ukiomba mapema. Uliza pia kuhusu yai, maana mara nyingi huwekwa bichi.

Nyumba za wageni za hanok huwa na sakafu inayopashwa moto kwa chini na godoro jembamba la kutandika, hakuna kitanda. Milango ni ya karatasi na jirani husikia kila neno, kwa hiyo simu za WhatsApp za usiku wa manane kwenda nyumbani zipigwe nje. Viatu huvuliwa hapo, na hekaluni pia unapoingia ukumbini, kwa hiyo vaa soksi zisizo na matundu. Kwenye ukumbi wa hekalu ingia kwa mlango wa pembeni, kwa kuwa ule wa kati ni wa watawa wakuu. Ukimkuta mzee, inamisha kichwa na umpokee kitu kwa mikono miwili. Aliyelelewa kwa shikamoo hatapata shida.

Kuhusu majira, maua ya mcheri huchanua Gyeongju mwanzoni mwa Aprili na majani hubadilika rangi kuanzia mwisho wa Oktoba, na nyakati hizo vyumba hujaa mapema. Julai ni mvua na fukuto. Januari baridi ni kali lakini makaburi na mahekalu huwa matulivu, na mwenye koti zito atafaidi. Epuka sikukuu za Seollal (mwaka mpya wa jadi) na Chuseok (sikukuu ya mavuno) iwapo hukukata tiketi ya treni wiki kadhaa kabla, maana Wakorea wote huwa wanarudi kwao. Kwa kutafuta njia tumia programu za ramani za Naver Map au KakaoMap, zote zina Kiingereza na huonesha basi lako liko wapi. Kadi ya nauli ya T-money inayotumika mjini kwako hutumika pia Gyeongju, Jeonju na Andong. Ukikwama, piga 1330, namba ya msaada kwa watalii ambayo wahudumu wake hujibu kwa Kiingereza, na wanaweza kukuulizia kama katika eneo unalokwenda kuna mwelekezaji wa bure siku hiyo.