Jinsi ya Kuitunza Mashine ya Kupuliza Majani Inayotumia Betri

Mashine ya kupuliza majani isiyo na waya ina umri wa aina mbili, wa mota na wa betri, na kwa kawaida betri ndiyo huchoka kwanza ilhali mota bado ina nguvu zake. Anayetaka mashine yake idumu na aanze hapo.

Betri nyingi za mashine hizi ni za lithiamu, ambazo aghalabu huhimili mizunguko 300 hadi 500 ya kuchajiwa kikamilifu kabla uwezo wake haujashuka hadi karibu asilimia 80 ya ule wa awali. Hata hivyo huzeeka hata zikikaa kabatini bila kazi, na joto huuharakisha sana uzee huo. Betri ya volti 36 yenye ampea-saa 5 hubeba wati-saa 180, kwa hiyo mashine ikivuta wati 600 katika kasi ya juu kabisa, chaji yote humalizika kwa takriban dakika 18 na betri hutoka ikiwa ya moto. Usiipeleke kwenye chaja papo hapo. Iache ipoe kivulini mpaka ukiligusa ganda lake usihisi joto. Chaja nyingi zina kinga inayokataa kuchaji betri yenye joto kali na kuwasha taa ya onyo, jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni ubovu. Baridi kali nayo ina madhara yake: betri ikichajiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, lithiamu inaweza kuganda kama metali juu ya elektrodi (sehemu ya ndani ya betri inayopokea chaji), na uharibifu huo hauponi.

Kasi ya juu iachiwe majani mabichi yaliyogandamana chini. Kwa majani makavu kasi ya kati inatosha, nayo hupunguza joto na kurefusha muda wa kazi.

Ukitarajia kutoitumia mashine kwa miezi kadhaa, ichomoe betri, uiache na chaji ya takriban nusu, kisha uihifadhi mahali pakavu pasipo na joto na uikague mara kwa mara. Betri iliyoachwa tupu huendelea kupoteza chaji kidogo kidogo, na ikishuka kupita kiasi chaja haitaikubali tena.

Upande wa mota, zile zenye brashi za kaboni (vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) huhitaji kubadilishiwa brashi zinapokwisha, dalili ikiwa ni cheche nyingi na nguvu inayokatikakatika; zisizo na brashi hazina cha kulika ila beringi, yaani vyuma vinavyoushikilia mhimili uzunguke kwa ulaini. Zote mbili hutegemea hewa ile ile inayoingia kwa ajili ya kupoa. Toa betri kwanza, kisha elekeza mdomo wa kuingizia hewa kwenye mwanga: utaona majani yaliyojibandika kwenye wavu na pengine nyuzi zilizojisokota kwenye mhimili. Yaondoe kwa brashi laini, bila maji. Ikiwa feni inafikika, izungushe kwa kijiti. Inapaswa kuzunguka bila kukwaruza. Feni iliyomeguka ncha hata moja hutikisa mashine nzima na kuziua beringi mapema, kwa hiyo ibadilishwe, isigundishwe. Vituo vya betri, yaani sehemu za metali zinazopitishia umeme, vifutwe kwa kitambaa kikavu.

Muda wa kazi ukishapungua hadi nusu ya ule wa mwanzo, linganisha bei ya betri mpya na ya mashine nzima kabla ya kuamua. Kwa maoni yangu, betri mpya ina faida zaidi ikiwa inaingia pia katika zana nyingine ulizo nazo. Betri iliyovimba, iliyopasuka au inayotoa harufu isichajiwe tena hata mara moja. Funika vituo vyake kwa utepe wa umeme na uipeleke panapokusanywa betri chakavu, wala usiitupe pamoja na taka za nyumbani, kwa kuwa ikipondwa inaweza kushika moto.