Leseni ya Utafutaji Madini Inapokwama kwa Pingamizi la Mazingira: Pa Kuanzia

Mwenye leseni ya utafutaji madini mwenye ofisi Arusha mjini na eneo la kazi huko Longido au Ngorongoro anaweza kukwama kwa sababu ambayo haihusiani kabisa na mwamba. Wafugaji wanahofia visima na malisho, wahifadhi wanahofia ndege na ardhioevu, na mtambo wa kuchoronga, yaani kutoboa mwamba, unabaki umeegeshwa huku muda wa leseni, ambao kwa kipindi cha kwanza hauzidi miaka 4, ukiendelea kwisha na ada ya mwaka ikidaiwa kama kawaida. Kusubiri hasira zipoe ni kupoteza leseni polepole.

Anza kwa kusoma upya mipaka ya haki yako. Sheria ya Madini ya 2010 inakuruhusu kutafuta madini, lakini haikupi ardhi ya juu, na inadai ridhaa ya maandishi kabla hujaingia katika maeneo kadhaa, yakiwemo yaliyohifadhiwa na yaliyo karibu na makazi. Weka viwianishi (koodineti) vya leseni juu ya ramani ya matumizi ya ardhi ya kijiji, kisha uweke alama kwenye visima, mapito ya mifugo na alalili, yaani malisho yanayotunzwa kwa ajili ya kiangazi. Ondoa pia ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, ambamo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu. Pingamizi nyingi huonekana kwenye ramani hiyo kabla hazijasemwa na mtu.

Kama eneo linagusa bonde la Ziwa Natron, tambua kwamba unaingia penye historia. Ziwa hilo liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda ardhioevu, mwaka 2001, na ndilo mazalia makuu ya heroe wadogo, yaani flamingo, wa Afrika Mashariki. Mpango wa kuzalisha tani 500,000 za magadi kwa mwaka ulipingwa ndani na nje ya nchi, kampuni ya Tata Chemicals ikajiondoa mwaka 2008, na baadaye Serikali ikaelekeza macho kwenye magadi ya Engaruka, wilayani Monduli. Kwa maoni yangu, kuhamisha mradi mapema ni nafuu kuliko kutetea mahali pasipoteteka.

Baada ya hapo, omba kila pingamizi kwa maandishi na ulijibu kivyake. Hoja ya maji ndiyo nzito kuliko zote, na haijibiwi kwa ahadi. Kabla ya kuchoronga, pima kina cha maji katika kila kisima kilicho jirani mbele ya kamati ya maji ya kijiji, andika kipimo na tarehe, na pande zote mbili zitie sahihi. Rudia baada ya kazi. Maji ya mtambo yaletwe kwa boza kutoka chanzo chenye kibali cha ofisi ya bonde la maji, na shimo la tope la kuchorongea litandikwe turubai na kuzungushiwa uzio, maana ndama akinywa humo, mazungumzo yamekwisha.

Majibu yapelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, si kwa mwenyekiti peke yake ofisini. Waone kwanza malaigwanani, yaani viongozi wa mila wa Kimaasai, wasije wakasikia habari hizo mkutanoni kama wageni. Muhtasari uwe na orodha ya mahudhurio, sahihi na muhuri wa kijiji, na uandike hata maneno ya waliokataa. Muhtasari usio na mpinzani hata mmoja hautaaminiwa na yeyote. Nakala moja iende kwa Afisa Madini Mkazi, nyingine kwa NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, pamoja na maelezo ya kazi ili mradi upangiwe kundi lake la tathmini ya athari kwa mazingira.

Kijiji kikikubali sehemu na kukataa sehemu, iachie rasmi ile iliyokataliwa kupitia Tume ya Madini, na uanze kuchoronga mbali kabisa na mpaka wake mpya.